Chai ya rangi kwenye viatu vya balei

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuliongea kuhusu vitu tulivyoanza utotoni halafu tukaviacha: piano, karate, madrasa ya Jumamosi, hata Kiswahili chenyewe. Zamu yangu ilipofika nikasema tu "balei, miaka miwili," halafu nikabadilisha mada haraka. Wengi wenu mmeniandikia kuuliza: balei wapi, na kwa nini uliacha? Basi leo nalipa deni. Ila nitalilipa kwa njia ndefu kidogo, manake nimegundua siwezi kueleza miaka yangu miwili bila kueleza miaka 350 na ushee ya watu wengine.

Reading, mwaka 1997. Nina miaka 7. Shuleni nina rafiki anayekwenda balei kila Jumamosi, na chochote anachofanya yeye na mimi nakitaka. Nikamsumbua Mama mwezi mzima. Wakati huo Mama alikuwa anafanya usafi hospitalini zamu ya usiku, Baba anaendesha teksi. Pesa ilikuwa ya kuhesabu. Lakini Mama ana udhaifu mmoja: mtoto akiomba kujifunza kitu, hawezi kusema hapana. Akapiga hesabu zake, akaacha kununua kitu ambacho mpaka leo hajaniambia ni nini, akaniandikisha.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Viti vimesukumwa pembeni, sakafu ya mbao inatoa baridi, na bibi mmoja wa Kizungu anapiga piano huku amevaa koti. Hakukuwa na vioo. Ile fito ya kushikilia ukutani haikuwepo pia, tulishika migongo ya viti. Mimi nilidhani siku ya kwanza tutaruka. Wapi! Karibu nusu saa ilikuwa kujifunza kusimama: visigino vigusane, vidole vya miguu vitazame nje, mgongo unyooke, mabega yashuke. Halafu kukunja magoti taratibu na kunyooka tena. Hiyo inaitwa plie, neno la Kifaransa lenye maana ya kukunjwa. Nilirudi nyumbani mapaja yanauma, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Nyumbani si wote walifurahi. Mama mdogo alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza: balei ni ya watoto wa Kizungu wenye hela zao, sisi tunaiga nini? Ya pili ilikuwa heshima: mtoto wa kike avae nguo ya kubana hivyo, aonyeshe miguu mbele ya watu? Mama akanyamaza, kama kawaida yake. Aliyenitetea alikuwa Bibi, kwa simu kutoka Tanga, kwa ile kadi ya dakika chache. Akauliza, "Wana sare?" Nikasema ndiyo. "Wana mkubwa wao anayewafundisha hatua?" Ndiyo. "Na kuna siku ya kuonyesha watu?" Ndiyo, Bibi. Akacheka. "Basi hiyo si lelemama tu, mke mwenzangu. Cheza."

Lelemama, kwa ambao hawajui, ni ngoma ya wanawake wa pwani. Vikundi vyake vilikuwa na sare, vyeo na ushindani mkali; Mombasa vilivuma sana nusu ya kwanza ya karne iliyopita, na kwa wanawake vilikuwa pia mahali pa kujipanga na kusaidiana kwenye harusi na misiba. Bibi hakuwahi kuona balei maishani mwake, lakini alielewa muundo wake kwa maswali matatu.

Sasa turudi kwenye hoja za Mama mdogo. Nimekuja kuzipima nikiwa mtu mzima, na hapa ndipo historia inapoingia.

Balei ilianzia kwenye majumba ya wakuu wa Italia, ikahamia Ufaransa, na huko ikapata mpenzi mwenye nguvu kuliko wote: mfalme Louis XIV. Mwaka 1653, akiwa na miaka 14, alicheza jukwaani akiwa jua, amevaa dhahabu kuanzia kichwani. Haikuwa burudani tu. Alikuwa ametoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na alitaka kila mkubwa aliyekaa pale aelewe nani yuko katikati na nani anamzunguka. Mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha dansi, na walimu 13 wakapewa kazi ya kuweka kanuni. Ndiyo sababu mtoto wa Reading, wa Tokyo au wa Nairobi anaambiwa hatua zake kwa Kifaransa hadi leo. Mwaka 1713 Paris ikapata shule ya balei ya Opera, na hiyo shule bado ipo.

Kwa hiyo mwanzo wake ni wa kitajiri, Mama mdogo yuko sahihi. Lakini tusogee mbele miaka 200 na kitu.

Paris ya miaka ya 1870. Watoto wanaojifunza balei pale Opera sio watoto wa wakubwa hata kidogo. Wengi ni mabinti wa maskini: wa mafundi cherehani, wa walinzi wa milango, wa wafua nguo. Watu wa mjini waliwaita "panya wadogo". Walianza wakiwa na umri kama wangu, wakafanya mazoezi siku nzima, na kile kidogo walicholipwa kilikwenda nyumbani kununua mkate. Kwao balei ilikuwa kibarua.

Mmoja wao tunamjua kwa jina: Marie van Goethem. Alizaliwa Paris mwaka 1865. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ubelgiji, baba fundi wa nguo, mama mfua nguo. Akaingia shule ya Opera mwaka 1878. Ili kuongeza kipato, alikuwa anakaa kwa msanii Edgar Degas ili achorwe. Degas akamtengeneza kwa nta, akamvalisha sketi ya kitambaa halisi, viatu halisi vya balei, na utepe kwenye nywele. Ile sanamu inaitwa Mchezaji Mdogo wa Miaka 14. Ilipoonyeshwa mwaka 1881 wahakiki waliitukana. Wapo waliomfananisha na nyani. Mwaka uliofuata Marie alifukuzwa Opera kwa sababu ya kutokufika mazoezini, na baada ya hapo historia inampoteza. Sanamu yenyewe haikupotea. Ile ya nta iko Washington, na nakala za shaba ziko kwenye majumba ya makumbusho ya nchi nyingi, Uingereza ikiwemo.

Fikiria hilo. Mfalme wa miaka 14 anacheza ili wote wamwinamie. Binti wa mfua nguo wa miaka 14 anacheza ili nyumbani wale. Sanaa ni ile ile, hatua ni zile zile. Mimi, mtoto wa mama anayefanya usafi, mtoto wa wahamiaji, niliambiwa balei si ya watu kama sisi. Kumbe watu kama sisi ndio waliobeba balei mabegani kwa vizazi.

Na hoja ya pili ya Mama mdogo, ile ya heshima? Nilikuwa naiona ya kishamba. Leo siioni hivyo. Pale Opera, wanaume matajiri waliolipia viti vya msimu mzima waliruhusiwa kuingia nyuma ya jukwaa, kwenye ukumbi ambako wasichana walipasha mwili joto. Hawakwenda pale kujadili sanaa. Wasichana walikuwa fukara, wanaume walikuwa na pesa, malizia mwenyewe. Mama wa wale watoto walikuwa wanakaa pembeni wakifuma, macho yako kwa binti zao. Kwa hiyo wasiwasi wa Mama mdogo haukuwa wa Uswahilini peke yake. Mama wa Paris waliujua miaka 100 kabla yake.

Ilikuwaje basi balei ikawa kitu cha heshima cha Jumamosi asubuhi? Kwa Uingereza, jibu moja ni mitihani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachezaji wa Kirusi walikuja London, Anna Pavlova na kundi la Diaghilev, na wazazi wa tabaka la kati wakapagawa. Kila mtaa ukapata mtu anayejiita mwalimu wa balei, wengine wakiwaumiza watoto kwa kutojua. Mwaka 1920 wachezaji na walimu wakakutana London na kuunda chama cha kusimamia ufundishaji. Kiongozi wake alikuwa Adeline Genée, mchezaji maarufu kutoka Denmark, na miongoni mwa wenzake alikuwemo Tamara Karsavina wa Urusi. Kikaja kuitwa Royal Academy of Dance. Walipanga mafunzo kwa madaraja, mtoto anafanya mtihani, anapata cheti. Na mzazi anapenda cheti, si wa Kizungu si wa Kitanga. Mwaka 1931 Ninette de Valois, mzaliwa wa Ireland, akaanzisha kampuni na shule ambazo leo ni Royal Ballet. Ndani ya kizazi kimoja tu, kazi ya binti wa mfua nguo ikawa fahari ya familia zenye nafasi.

Hapo ndipo mlango ulipobana. Kitu kikishakuwa cha heshima, watu huanza kuangalia nani anafaa kuonekana ndani yake.

Sasa nirudi kwenye ule ukumbi wa kanisa, kwa sababu sijawaambia kwa nini niliacha.

Wiki ya tatu tulipewa barua yenye orodha ya sare. Leotadi nyeusi. Nywele zifungwe fundo nyuma. Viatu na taiti za rangi ya ngozi. Mama alisoma ile barua mara mbili, kidole kikifuata mstari, Kiingereza chake kikiwa bado cha kuokoteza. Akaenda duka la mitumba, akapata viatu laini vya kitambaa na taiti, vyote vya waridi hafifu. Akavitazama. Akanitazama mimi. Halafu akabandika sufuria ya ugali jikoni, akachemsha majani ya chai mengi mpaka maji yakawa meusi, akatumbukiza vyote. Usiku kucha. Asubuhi akavianika juu ya hita. Vilitoka kahawia, vimefanana na miguu yangu kabisa. Nilijiona mzuri jamani.

Mwalimu alisimamisha piano. Akauliza mbele ya wote viatu vyangu vimepatwa na nini. Akasema hii siyo sare, sare ni rangi ya ngozi, akanipa viatu vya waridi vya akiba kutoka kwenye boksi. Mama alipokuja kunichukua, mwalimu akamweleza pale mlangoni, polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyoongea na asiyejua lugha. Mama akasema samahani, samahani. Kwenye basi nikamwambia Mama sentensi ambayo nimeibeba miaka karibu 30: "Kwa nini wewe huelewi kitu?"

Hakujibu. Mwisho wa mwezi akaninunulia viatu vipya vya waridi, dukani, kwa bei kamili.

Niliendelea mpaka miaka 9. Kwenye picha ya onyesho la mwisho niko safu ya nyuma, na miguu yangu haionekani kuwa yangu: ya waridi mpaka kiunoni, halafu mikono na uso wa kahawia, kama mdoli aliyeunganishwa kutoka boksi mbili. Niliiangalia ile picha nikasema sitaki tena. Nyumbani hawakuniuliza sababu, na mimi nisingeweza kuieleza.

Swali ambalo sikujua kuliuliza ni hili: kwa nini waridi? Hakuna siri kubwa. Kwenye balei, taiti na kiatu vinatakiwa kufanana na ngozi ili mguu uonekane mstari mmoja mrefu, kuanzia nyonga hadi ncha ya kidole. Waliovaa walikuwa weupe, basi rangi ya ngozi ikawa waridi hafifu. Baada ya muda watu wakasahau sababu wakabaki na rangi. Mwalimu wangu alikuwa analinda kanuni ambayo maana yake halisi ilikuwa kwenye sufuria ya Mama.

Na kulikuwa na watu waliojua hivyo kabla yetu. Hapa hapa London, mwaka 1946, Wajamaika wawili, Berto Pasuka na Richie Riley, walianzisha kampuni ya wachezaji weusi, Les Ballets Nègres. Walichanganya ufundi wa jukwaa la Ulaya na ngoma na hadithi za Karibi na Afrika. Walijaza kumbi, wakazunguka Ulaya, lakini pesa ya kuwashikilia haikupatikana, na mapema miaka ya 1950 wakafunga. Nilisoma shule Uingereza miaka yote, sikuwahi kusikia majina yao.

New York, Arthur Mitchell, kijana wa Harlem, aliingia New York City Ballet mwaka 1955. Mwaka 1957 George Balanchine akampanga acheze Agon pamoja na Diana Adams, mwanamke mweupe, wakati ambapo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yanapiga marufuku ndoa ya watu wa rangi hizo mbili. Martin Luther King alipouawa mwaka 1968, Mitchell akaamua kurudi mtaani kwake kufundisha watoto. Darasa lilikuwa kwenye gereji, milango wazi ili wapita njia waone. Mwaka 1969 yeye na mwalimu wake Karel Shook wakaanzisha Dance Theatre of Harlem. Na kwenye miaka ya 1970 wachezaji wa kampuni hiyo wakaacha waridi. Kila mmoja akavaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi yake mwenyewe. Madukani havikuwepo, kwa hiyo walipaka na kutia rangi wenyewe. Duniani kote wachezaji weusi wamefanya hivyo hivyo kwa miaka mingi, kiatu kimoja baada ya kingine, kwa vipodozi vya uso au kwa chai.

Nilisoma habari hiyo ya chai usiku mmoja nikiwa na miaka 33, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nikafunga kompyuta. Mama yangu, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa balei, alifikia jibu lile lile la wachezaji wakubwa wa Harlem, kwa majani ya chai na sufuria ya ugali. Aliyekuwa haelewi kitu siku ile alikuwa mimi, na mwalimu.

Mambo yamebadilika, ingawa kwa mwendo wa kobe. Cassa Pancho alianzisha Ballet Black London mwaka 2001. Misty Copeland, aliyeanza balei akiwa na miaka 13, umri ambao wengi wangesema amechelewa, mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufikia ngazi ya juu kabisa American Ballet Theatre. Kibera, Nairobi, watoto wamekuwa wakijifunza kwenye darasa la shule, madawati yanatolewa nje kwanza, hakuna vioo wala fito. Nilipoona picha zake nilicheka, manake ni ukumbi wetu wa kanisa, bila baridi tu. Na mwaka 2018 Freed of London, watengenezaji wa viatu tangu 1929, wakishirikiana na Ballet Black, wakatoa viatu vya kusimamia ncha za vidole vya rangi ya kahawia. Miaka 89 kufika kwenye rangi ambayo Mama aliipata kwa usiku mmoja.

Binti yangu ana miaka 5. Septemba ameanza balei. Orodha ya sare ilipokuja nilijikuta naisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Imeandikwa: viatu na taiti za waridi au zinazofanana na ngozi ya mtoto. Nikaagiza za kahawia, zikafika siku ya pili. Alipozivaa hakushangaa hata kidogo. Kwake ni viatu tu.

Nilimpigia Mama jioni ile nikamwambia yote: Harlem, chai, Marie na mama yake mfua nguo. Nikamwambia samahani kwa ile sentensi ya kwenye basi.

"Basi lipi?" akasema. "Mimi nilishasahau hayo."

Kimya kidogo.

"Ila mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Na wewe ulikaa kiti cha mbele, hukutaka kukaa na mimi."

Nikashindwa kusema kitu. Akaendelea, taratibu, "Mimi nilisoma nilichoandikiwa, mwanangu. Rangi ya ngozi. Sasa ngozi ya nani, kama siyo ya mtoto anayevaa?"

Jumamosi hii anakuja kumpeleka mjukuu wake darasani. Ameshauliza wana sare gani, nani anawafundisha, na siku ya kuonyesha watu ni lini.